Si imani peke yake: wanawake, rangi na uchunguzi wa saratani ya matiti

Kila Oktoba mabango ya pinki yanatundikwa Mbeya, Iringa na Njombe. Gari la matangazo linapita mitaani kuwaita akina mama waje kuchunguzwa matiti bure, na jioni wenye kampeni wanahesabu waliojitokeza. Wakiwa wachache, sababu inatolewa hapo hapo: imani potofu. Akina mama wetu wanaogopa, wanaamini uchawi, wanaona haya, elimu bado. Nimeisikia sababu hiyo mikutanoni, redioni na hata kwa wahudumu wa afya wenye nia njema, na kila ninapoisikia naona inafunga mjadala kabla haujaanza. Ukishasema tatizo ni imani ya mama, huna haja tena ya kuuliza kama altrasaundi ilikuwa inafanya kazi siku ile, majibu ya kinyama, yaani kipande kidogo kinachotolewa kwenye kivimbe na kupelekwa maabara, yanachukua wiki ngapi, au nauli ya kwenda na kurudi inatoka mfukoni mwa nani.

Imani zipo na zina uzito. Lakini watu wamezichunguza kwa miaka zaidi ya 70, hasa Marekani, na kwa sehemu kubwa wakiwalinganisha wanawake wa rangi mbalimbali. Walichokikuta hakifanani na tunachokirudia sisi kwenye semina.

Lilianzia kwenye kifua kikuu

Miaka ya 1950 serikali ya Marekani ilikuwa inapiga watu picha za kifua bure ili kuwagundua wenye TB mapema. Magari yenye mashine za eksirei yalisogezwa hadi mitaani, na bado watu hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Wanasaikolojia wa idara ya afya ya umma wakapewa kazi ya kutafuta sababu. Mmoja wao, Godfrey Hochbaum, aliwahoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji ya Boston, Cleveland na Detroit, na ripoti yake ikatoka mwaka 1958. Walioamini kwamba wao wenyewe wanaweza kuugua, na kwamba kugundulika mapema kuna faida, 82 kati ya kila 100 walikuwa wamepiga picha kwa hiari yao angalau mara moja. Wasioamini lolote kati ya hayo mawili walikuwa 21 tu kati ya 100.

Kutokana na kazi hiyo wakajenga kinachoitwa mfano wa imani za kiafya. Unasema mtu huchukua hatua akijiona yumo hatarini, akiuona ugonjwa ni mzito, akiamini hatua ile itamsaidia, na akiona vikwazo havizidi faida. Tena awepo mtu au jambo la kumsukuma: dada yake kaugua, nesi kamwambia, tangazo limemgusa. Mwaka 1988 wakaongeza kwamba lazima ajione anaweza kuifanya hatua yenyewe.

Mwaka 1984 muuguzi mtafiti Victoria Champion akautengenezea mfano huo dodoso kwa ajili ya saratani ya matiti. Mama anasomewa kauli na kusema anakubaliana nayo kiasi gani: naweza kupata saratani ya matiti, kupima kutanisaidia kuigundua mapema, kupima kunatia aibu, kunachukua muda mwingi, ni gharama. Dodoso hilo limetafsiriwa kwa lugha nyingi na limetumika mabara mbalimbali, Afrika ikiwemo.

Tazama mwisho wa orodha ile. Aibu imewekwa kwenye kapu moja na gharama. Mama anayeogopa kuvuliwa nguo na mama asiye na nauli ya kutoka Ludewa wote wanaandikwa kwamba “wanahisi vikwazo”. Kwenye jedwali la mwisho, umbali wa kweli na umaskini wa kweli vimegeuka kuwa imani. Naamini hapa ndipo mjadala mzima ulipopotea njia, na huwezi kulaumu dodoso peke yake, maana watu walilisoma namna walivyotaka kulisoma.

Rangi ilipoingizwa kwenye hesabu

Tafiti za Marekani zilizolinganisha wanawake weupe, weusi, Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini) na wenye asili ya Asia zilikuta tofauti mara kwa mara. Weusi na Walatino walisema zaidi kwamba saratani ni kifo kilichokwisha kupangwa. Mwaka 1995 mtafiti Barbara Powe hata alitengeneza kipimo cha hali hiyo ya kukata tamaa. Wenye asili ya Asia walitaja zaidi haya, na kutoona haja ya kupima wakati mwili hauna dalili. Ukiishia hapo unapata hadithi nyepesi kwamba kila rangi ina imani zake na imani ndizo zinazoua.

Hesabu zilizofuata ziliivunja. Watafiti walipoingiza kipato, bima, na kama mwanamke ana daktari wa kudumu, tofauti nyingi za rangi zilipungua sana. Kilichojitokeza tena na tena kuwa na nguvu ni jambo dogo: je, daktari alimwambia akapime? Na kadiri miaka ilivyokwenda, wanawake weusi wa Marekani wakafikia hatua ya kusema wamepiga mamografia, picha ya eksirei ya matiti, kwa kiwango kinachokaribiana kabisa na weupe. Wanakwenda. Hata hivyo, leo vifo vyao kwa saratani ya matiti vinazidi vya wanawake weupe kwa karibu asilimia 40, ingawa wanaougua ni wachache kidogo kuliko weupe.

Mji wa Chicago unaonyesha jambo hili kwa uwazi unaoumiza. Mwaka 1980 viwango vya vifo vya weusi na weupe vilikuwa sawa. Kufikia 2003, vya wanawake weusi vilikuwa juu kwa asilimia 68. Kati ya miaka hiyo mamografia ilienea na dawa mpya zikaja, na vifo vya weupe vikashuka. Kama chanzo kingekuwa imani za asili au damu, pengo lingekuwepo hata 1980. Lilifunguka pale msaada wa kweli ulipopatikana na kuwafikia wengine wakati wengine wakingoja. Waliochunguza mji ule waliangalia ubora wa mashine, utaalamu wa wasomaji wa picha, kucheleweshwa kwa majibu na kwa matibabu. Mama alikwenda; hospitali aliyoikuta ndiyo iliyokuwa dhaifu.

Kutoaminiana nako kuna sababu. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia 1932 hadi 1972 idara ile ile ya afya ya umma iliwafuatilia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwatibu, hata penisilini ilipopatikana. Mjukuu wa mtu wa Tuskegee akisema haiamini hospitali, hiyo ni kumbukumbu ya familia, na si haki kuiita ujinga.

Kuna sehemu moja ya kibaiolojia isiyofaa kufichwa. Aina kali ya saratani ya matiti, ile ambayo seli zake hazina vipokezi, yaani sehemu za kupokea ishara, vya homoni wala vya protini iitwayo HER2, inawapata wanawake weusi wa Marekani kama mara 2 ya weupe, na dawa zinazolenga vipokezi hivyo haziisaidii. Lakini hata hapo “weusi” si kitu kimoja. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Ethiopia ulikuta aina hiyo ni zaidi ya nusu ya saratani za Waghana, na kama 15 tu kati ya 100 kwa Waethiopia, sawasawa na weupe wa Marekani. Mtu wa Njombe asichukue takwimu ya Chicago akaivaa kama yake kwa kuwa ngozi zinafanana.

Karibu zaidi na sisi ni Namibia. Utafiti mkubwa wa nchi tano za Afrika, uliochapishwa 2020, ulifuatilia wanawake baada ya kugundulika. Namibia, ndani ya nchi moja, miaka 3 baadaye walikuwa hai 90 kati ya kila wanawake weupe 100, na 56 kati ya kila weusi 100. Uganda na Zambia ilikuwa chini ya nusu. Watafiti wale walikadiria kwamba takriban theluthi ya vifo ingezuilika kwa kuwawahi wenye dalili na kuwatibu vizuri zaidi. Hawakuwa wanazungumzia kuwapima wanawake wote wasio na dalili. Walizungumzia wale ambao tayari wamekigusa kivimbe kwenye titi.

Nyanda za Juu: nani anapita upande gani

Hapa kwetu rangi haigawi foleni ya hospitali kama kule. Wapo Wabaluchi wa Rujewa ambao familia zao zimekaa Usangu vizazi kadhaa, wapo wafanyabiashara wenye asili ya India mjini Iringa na Mbeya, na wapo Wanyakyusa, Wasafwa, Wahehe, Wabena, Wakinga, Wapangwa na Wasukuma waliohamia na ng’ombe. Kinachotenganisha safari zao, kwa jinsi ninavyoona, ni bima, barabara, na kama kuna mtu wao mjini wa kuwapokea.

Nichukue safari moja ambayo nesi yeyote wa zahanati ataitambua. Mama anauza viazi Uyole. Asubuhi anapakua magunia, noti anazikunja na kuzisunda kwenye sidiria, maana pochi inaibiwa. Siku moja akioga anakutana na kitu kigumu upande wa kushoto, ukubwa wa harage. Hakiumi. Anamwonyesha jirani yake.

“Hilo donge la maziwa, dada. Wewe si umemwachisha mtoto juzi tu? Kandamiza na maji ya moto.”

Anakandamiza. Mwingine sokoni anamwambia ni zile hela za kwenye sidiria, ahamishe. Anahamisha. Mwezi wa tatu anakwenda zahanati kwa ajili ya kikohozi cha mtoto na kulitaja jambo lake mwishoni, akiwa ameshasimama. Anapewa antibiotiki. Kivimbe kinabaki, naye anaona ameshakwenda hospitali na hospitali haikuona kitu. Shangazi mtu anasema wivu wa biashara si jambo la kuchezea, wanampeleka kwa mganga wa kienyeji. Kanisani wanamwombea. Halafu ni msimu wa kuvuna, na msimu haungoji mtu. Anapofika hospitali ya rufaa, ngozi imejikunja kama ganda la chungwa na kwapani kuna tezi.

Ukimhesabia imani zake utapata nne au tano. Ukiuhesabu muda, utaona sehemu nzuri ya miezi ile ilipotelea mahali alipokwenda kuomba msaada na kurudishwa na vidonge. Wote wawili wanahitaji kusaidiwa, mama na zahanati, lakini kampeni zetu zinamfundisha mmoja tu.

Imani zenyewe nazo zinastahili kujibiwa moja moja bila dharau. Hela au simu kwenye sidiria hazijaonyeshwa kusababisha saratani ya matiti. Mkono unaokwenda mahali hapo kila siku unakigundua kivimbe ambacho kingekuwepo hata hivyo. Donge la maziwa ni kitu cha kweli kwa anayenyonyesha, ila linapungua kwa siku au wiki chache. Linalobaki au kukua linahitaji kuangaliwa. Vivimbe vingi vya matiti si saratani, na hilo lisemwe wazi, kwa sababu hofu ya jibu inawazuia wengi. Na kutouma si dalili njema: saratani ya matiti inapoanza kwa kawaida haiumi, na sisi tumelelewa kwenda hospitali kwa kusukumwa na maumivu.

Imani ngumu kuliko zote ni ya kisu. “Ukishakatwa, inasambaa.” Nimekaa na watu wazima wenye akili zao, waliosoma, wakaniambia hivyo kwa kutaja majina ya ndugu zao. Na wanachosema wamekiona: shangazi alikwenda, akachukuliwa kinyama, akakatwa titi, baada ya miezi kadhaa akafa. Walichokosa kuona ni kwamba saratani ilikuwa imeshafika kwenye mapafu au ini kabla ya kisu. Kuchukua kinyama hakumfanyi mgonjwa afe mapema. Kunatoa jibu la aina ya saratani, na bila jibu hilo daktari hajui ampe dawa gani. Lakini kijiji ambacho kila aliyekwenda alikwenda amechelewa, kitaona vifo tu baada ya hospitali. Imani inatokana na kuchelewa, kisha inaleta kuchelewa kwingine. Kipeperushi hakiwezi kushindana na kaburi ambalo mtu analipita akienda shambani.

Kinachoweza kushindana nalo ni mtu aliyepona. Mikoa hii inalijua hilo kuliko mikoa mingine ya Tanzania, kwa sababu ya UKIMWI. Njombe, Iringa na Mbeya zimebeba maambukizi makubwa kwa miaka mingi. Utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023 uliiweka Njombe juu kabisa, asilimia 12.7 ya watu wazima. Kabla ya dawa, kupima kulikuwa kwenda kusikia hukumu, na watu walikataa kwa sababu ya maana kabisa: jibu halikuwa na msaada nyuma yake. Mpango wa taifa wa dawa za kufubaza virusi ulipoanza mwaka 2004, na watu waliokuwa wamebebwa kitandani wakaonekana tena wakilima, kupima kukabadilika. Kampeni ya Julai 2007 iliyozinduliwa na Rais Kikwete ilikuta tayari kuna kitu cha kumpa aliyepima. Imani zile zile za uchawi na laana hazikufutwa na semina. Zilipungua nguvu jirani alipopona.

Uchunguzi upi hasa?

Tunatumia neno uchunguzi kwa mambo mawili, na mkanganyiko huu unatugharimu. La kwanza ni kumpima mwanamke asiye na dalili yoyote. Marekani, mwongozo wa 2024 unasema mamografia kila baada ya miaka 2 kuanzia umri wa miaka 40 hadi 74. La pili ni kumwahi mwanamke aliyekwisha kuona badiliko. Hili la pili ndilo linalotufaa zaidi sasa. Wagonjwa wa Afrika kusini mwa Sahara wanagundulika wakiwa na wastani wa miaka 50 hivi, Marekani umri wa kati ni 62. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na sisi kuwa na wazee wachache katika jamii, si lazima ugonjwa wetu uwe wa namna nyingine. Lakini titi la mwanamke mwenye umri mdogo lina tishu nzito, mamografia inalisoma kwa shida, na altrasaundi inasaidia zaidi.

Kujipapasa kila mwezi kwa hatua maalumu, somo kuu la kampeni nyingi, kulijaribiwa Shanghai kwa wafanyakazi 266,064 wa viwanda vya nguo. Nusu walifundishwa kwa bidii na kukumbushwa. Baada ya miaka 10 hivi, waliokufa kwa saratani ya matiti upande uliofundishwa walikuwa 135, upande mwingine 131. Mama asijilaumu kwa kusahau zoezi la kila mwezi. Kulijua titi lako lilivyo kawaida, na kushtuka likibadilika, kunatosha.

Mumbai walijaribu njia nyingine: wahudumu wanawake waliofunzwa waliwapapasa matiti wanawake kila baada ya miaka 2. Waliingizwa wanawake zaidi ya 150,000, na matokeo ya miaka 20 yalitoka 2021. Saratani zilikutwa zikiwa changa zaidi, na kwa wenye miaka 50 na kuendelea vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa walio chini ya hapo punguzo halikuonekana. Mkono uliofunzwa wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii unaweza kufika Makete au Kilolo leo, kabla ya mashine yoyote ya mamografia.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliweka malengo matatu: saratani 60 kati ya 100 zigundulike zikiwa hatua ya kwanza au ya pili, majibu ya uhakika yapatikane ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike, na 80 kati ya 100 wamalize matibabu. Lengo la katikati ndilo ninaloliangalia kila ninapofikiria mama wa Ludewa. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Njombe mjini, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kila kituo kina siku yake ya kliniki, barua yake ya rufaa, nauli yake na usiku wa kulala kwa ndugu. Akihitaji mionzi, kwa miaka mingi safari imekuwa ya hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, kwa wiki kadhaa mfululizo. Nani anabaki na watoto? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, na ningependa ipimwe kwa swali hilo pia, kwa sababu kadi inayolipia dawa bila kumfikisha mgonjwa itatuacha tukisema tena ni imani.

Kwa aliye na badiliko sasa hivi: kivimbe kwenye titi au kwapani, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani ghafla, au kutoka damu. Litaje jambo hilo kwanza ukifika, usilihifadhi mpaka mwisho. Lazima upapaswe titi zima na kwapa, pande zote mbili. Ukitaka mhudumu wa kike, omba. Ukipewa antibiotiki, uliza urudi lini, na kama wiki 2 zimepita kivimbe bado kipo, omba altrasaundi na kinyama, usikubali dozi ya pili ya vidonge vile vile. Baada ya kinyama uliza majibu yanatoka tarehe ngapi na umpigie nani yasipotoka, kisha mpe tarehe hiyo mumeo, dada yako au kiongozi wa kikoba chenu, ili siku ikifika kuwe na mtu wa pili anayeuliza.